Kitabu chekundu cha sarufi ya Kiingereza: kinunue, ila usikisome kwa mpangilio wake

Nafundisha Kiingereza watu wazima. Fundi umeme anayetaka kusoma maelekezo ya mashine bila kumwita mtu, muuguzi anayejiandaa kwa usaili, mama wa makamo anayetaka kuzungumza na wakwe zake walio ng'ambo. Wanakuja jioni, kazi zimeshawachosha, na karibu kila mmoja huanza na swali lile lile: mwalimu, ninunue kitabu gani?

Jibu langu halijabadilika kwa muda mrefu. Ukiwa na uwezo wa kununua kitabu kimoja tu cha sarufi, nunua Essential Grammar in Use cha Raymond Murphy. Kinachapishwa na Cambridge University Press, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1990, na toleo ninalolizungumzia hapa ni la nne, la mwaka 2015. Wengi hawakijui kwa jina bali kwa rangi ya jalada: chekundu. Usikichanganye na cha bluu, English Grammar in Use, cha mwandishi huyo huyo, kilichotangulia mwaka 1985 na kinachowafaa waliokwisha kupita hatua za mwanzo. Kipo pia cha kijani, Advanced Grammar in Use, lakini hicho mwandishi wake ni Martin Hewings, na anayekihitaji hasomi uchambuzi kama huu.

Nakipendekeza kwa moyo wote. Hata hivyo kila ninapompa mtu jina la kitabu hiki, nampa na onyo: kiliandikwa kwa ajili ya mtu yeyote duniani, wala hakijui kwamba wewe umekulia katika Kiswahili. Mvietinamu, Mreno na Mswahili wanapewa kurasa zile zile kwa mpangilio ule ule, ilhali wanakosea mahali tofauti kabisa. Usipolijua hilo, utatumia nguvu nyingi kwenye kurasa ambazo hazikusumbui na kupita haraka kwenye zile zinazokuumbua kila ufunguapo mdomo.

Kwanza muundo wake, maana ndio uliokifanya kipendwe. Kina masomo 115, na kila somo lina kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto kuna maelezo, mifano na michoro. Kulia kuna mazoezi ya jambo lile lile. Ukifungua kitabu mezani unaona somo zima kwa mara moja, huna haja ya kupekua nyuma kutafuta kanuni uliyoisahau. Kwa mtu anayesoma nusu saa kabla ya kulala, hilo lina thamani kubwa: unaanza, unamaliza, unafunga kitabu, na kuna jambo moja ulilolimaliza usiku huo. Maelezo yenyewe ni mafupi na yameandikwa kwa Kiingereza chepesi mno, kiasi kwamba aliye hatua ya chini kabisa anaweza kuyafuata akisaidiwa kidogo siku za mwanzo. Michoro nayo inafanya kazi kweli, hasa kwenye vihusishi, maneno kama "on" na "in", ambako picha ya kitu kilicho juu, ndani au nyuma ya kingine hueleza mara moja jambo ambalo maneno yangelizungusha.

Kitu kingine ninachokithamini ni kwamba mwandishi haogopi kuonyesha sentensi isiyo sahihi kando ya iliyo sahihi, ili msomaji aone anachotakiwa kukiepuka. Wapo walimu wanaosema mwanafunzi asionyeshwe kosa asije akalishika. Sikubaliani nao. Mtu mzima huwa ameshalishika kosa siku nyingi. Anachohitaji ni kuliona limeandikwa kwenye karatasi na kuambiwa wazi kwamba hilo siyo.

Sasa kwenye lile onyo. Nimewasikiliza wazungumzaji wa Kiswahili wakijifunza Kiingereza kwa miaka, na makosa yao makubwa, yale yanayodumu hata kwa waliosoma sana, mengi yana mzizi mmoja. Kiswahili ni lugha ya upatanisho. Tunalitaja jambo kwenye nomino, tukalirudia kwenye kivumishi, tukalirudia tena kwenye kitenzi: vitabu vyangu vikubwa vimepotea. Sikio letu limezoea mwangwi huo, na tunapoukosa tunahisi sentensi ina kasoro. Kiingereza, mara nyingi, hufanya kinyume: hulitaja jambo pahali pamoja kisha hunyamaza. Mwanafunzi wa Kiswahili anasikia ukimya huo kama pengo, anaujaza, na hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Chukua wakati uliopita. Kitabu kinaeleza vizuri sana, katika masomo yake ya awali, kwamba swali na ukanushi vinahitaji "did": "Did you go?", "I didn't go." Mwanafunzi anasoma, anafanya mazoezi, anapata yote. Kesho yake anasema "I didn't went." Kwa nini? Kwa sababu tendo ni la jana, na kwake yeye ni jambo la kawaida kitenzi chenyewe kionyeshe kwamba ni la jana. Kitabu kinamwambia asiseme hivyo. Hakimwambii kwa nini ulimi wake unataka kusema hivyo. Ninapomweleza kwamba "did" imeshaubeba wakati uliopita wote, kwamba mzigo ukishabebwa na mmoja mwingine hutembea mikono mitupu, huwa naona uso unabadilika. Na kanuni hiyo hiyo inamtatulia na "does". Ile "s" ya "she works" huhamia kwenye "does", na "work" inabaki bila kitu: "Does she work?", "She doesn't work." Ikiwa kwenye "does", haiwi tena kwenye "works". Vilevile baada ya "can", "must", "should" na "will", kitenzi hakivai chochote: "She can work."

Kitabu kinayagawa mambo haya katika masomo mbalimbali yaliyoachana: ya wakati uliopo mahali pake, ya wakati uliopita mahali pake, ya vitenzi visaidizi mbele zaidi. Kwa msomaji wa jumla ni mpangilio wa busara. Kwa sisi, ni bora kuyasoma kama jambo moja, jioni moja baada ya nyingine, kwa sababu ugonjwa ni mmoja.

Twende kwenye "when". Sisi husema: nitakapofika nitakupigia simu. Wakati ujao umetajwa mara mbili, "nita" na "nita", na kila Mswahili anaona ni sawa kabisa. Matokeo yake ni "When I will arrive, I will call you." Kiingereza kinataka ujao utajwe upande mmoja tu: "When I arrive, I will call you." Kitabu chekundu kina somo la jambo hili, lakini liko mbali sana, kwenye sehemu ya viunganishi na vishazi, karibu na mwisho. Aliyeamua kukisoma kuanzia ukurasa wa kwanza anaweza kukaa mwaka mzima akikosea jambo analolisema kila siku, huku dawa yake ikimsubiri kwenye kurasa ambazo hajazifikia.

Jirani yake ni "if". Kama ningekuwa na muda, ningesoma. Tazama "nge" ilivyokaa pande zote mbili, na isipokaa pande zote mbili mwalimu wa Kiswahili ataisahihisha kwa kalamu nyekundu. Basi mwanafunzi mwenye Kiswahili safi ndiye hasa atakayesema "If I would have time, I would read." Kiingereza kinataka "If I had time, I would read": "would" upande wa matokeo, na upande wa sharti kitenzi cha wakati uliopita, ingawa hakuna kilichopita. Maelezo ya Murphy hapa ni mazuri mno. Anaonyesha kwamba "had" katika sentensi hii haizungumzii jana, anatoa mifano ya kutosha, na mazoezi yanakulazimisha uamue kila upande wa sentensi unataka umbo gani. Ikiwa unatafuta somo moja la kulipima kabla ya kununua kitabu, fungua hilo. Ila ujue kwamba habari za majuto, zile za "If I had known", hazimo humu; zimo kwenye kile cha bluu.

Kuna jambo la tatu katika ukoo huu, nalo ndilo ninalolipenda zaidi kulifundisha: virejeshi. Mtu niliyemwona jana. Kitabu nilichokinunua. Ndani ya "niliyemwona" mtu yule ametajwa kwa "ye" na tena kwa "m". Ndani ya "nilichokinunua" kitabu kimetajwa kwa "cho" na tena kwa "ki". Kwa hiyo mwanafunzi, kwa uaminifu wote kwa lugha yake, anasema "The man who I saw him" na "The book which I bought it." Hizo "him" na "it" ni "m" na "ki" zetu zilizovaa nguo za kigeni. Kiingereza hakizitaki: "The man I saw," "The book I bought." Na tena, kinaweza kuiacha hata ile "who" au "which" katika sentensi kama hizi, jambo ambalo kwa mwanafunzi wetu ni kama kuondoa nguzo na kuona paa limebaki pale pale. Kitabu kina masomo mawili mahususi kwa hili, nayo yamo karibu na yale ya "when" na "if". Hayo yote kwa pamoja ni kurasa chache sana. Nayaita kurasa za Waswahili, na huwa nawaambia wanafunzi wangu wabandike karatasi ya rangi pembeni yake.

Kosa la "My brother he works" linatoka kisima hicho hicho. Kaka yangu anafanya kazi: hiyo "a" ya "anafanya" tunaisikia kama "he", kwa hiyo tunaiweka. Hili kitabu hakiligusi kwa namna inayotufaa, na sishangai, kwa kuwa si kosa la kila mtu. Hapa inabidi mwalimu au wewe mwenyewe ujiwekee utaratibu: ukishataja mwenye kutenda, nenda moja kwa moja kwenye kitenzi.

Nisije nikaeleweka vibaya nikadhaniwa nasema Kiingereza hakirudii kamwe. Kinarudia. "These two books are new" imetaja wingi mara nne. Lakini kivumishi chake hakibadiliki, "new" ni "new" kwa kimoja na kwa mia, na mwanafunzi aliyezoea vipya, wapya, mipya, mapya na nyumba mpya hupumua anapoligundua hilo. Sehemu ya vivumishi katika kitabu hiki unaweza kuipitia kwa kasi. Kumbuka tu kwamba kivumishi hutangulia nomino, kisha nenda kwenye kulinganisha, "bigger", "more expensive", ambako kuna kanuni za kukaririwa.

Njeo, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha wakati, ya "have done" nataka niizungumzie kwa kirefu kidogo, maana ndipo ninapotofautiana na walimu wenzangu wengi. Wao humwambia mwanafunzi: "have done" ni "me". Nimekula, "I have eaten." Amefika, "She has arrived." Inaonekana imekaa sawa, na kwa sentensi hizo mbili imekaa sawa. Tatizo ni kwamba "me" yetu inafanya kazi nyingi kuliko hiyo. Amevaa koti jekundu: Kiingereza kinasema "She is wearing a red coat." Amesimama mlangoni: "She is standing at the door." Nimechoka: "I am tired." Amelala: "He is asleep." Yaani "me" inapoonyesha hali aliyomo mtu sasa hivi kutokana na tendo lililokwisha, Kiingereza mara nyingi hukimbilia "is". Na zaidi ya hapo, katika mazungumzo watu wengi husema nimemwona jana, na hapo Kiingereza kinakataa kabisa: "I have seen him yesterday" ni kosa, kwa sababu "yesterday" imeufunga wakati, na wakati uliofungwa unataka "saw".

Murphy ameitengea njeo hii masomo kadhaa yanayofuatana, na kuna somo zima linaloipambanisha na wakati uliopita wa kawaida. Ni sehemu bora kuliko zote katika kitabu, kwa maoni yangu. Mifano yake inaonyesha kwa uwazi kwamba ukitaja lini, unatoka kwenye "have done" na kuingia kwenye "did". Usiruke hata mstari mmoja hapo. Ninachokuomba uongeze ni daftari la pembeni: kila ukikutana na "me" katika mazungumzo yako ya siku, iandike sentensi hiyo, kisha ujiulize ni "has arrived", ni "is wearing", au ni "saw". Mwanafunzi mmoja wangu, yule muuguzi, alifanya hivyo kwa taarifa za wagonjwa alizokuwa akiziandika kazini, na haikuchukua muda akawa anaona tofauti bila kufikiri. "Ja" kwa upande wake haina taabu. Hajafika bado ni "She hasn't arrived yet," na jozi hiyo inafanana vizuri kiasi kwamba unaweza kuitumia kama mlango wa kuingilia njeo nzima. Mimi huanza na ukanushi, halafu ndipo narudi kwenye uyakinishi.

Kwenye masomo hayo hayo kuna "for", "since" na "ago". Hapa Mswahili husema "I am living here since five years," akifuata ninaishi hapa tangu. Kiingereza kinataka "I have lived here for five years": "for" kwa urefu wa muda, "since" kwa mahali muda ulipoanzia, na "have" kwa sababu jambo bado linaendelea. Limeelezwa kwa mchoro wa mstari wa wakati, nao unatosha.

Vijineno "a", "an" na "the" ndivyo vinavyowatesa watu hadi uzeeni, nasi hatuna mfano wake nyumbani. Kitabu kina kundi zima la masomo juu yake. Nayapenda, lakini nataka usitarajie kwamba ukiyamaliza utakuwa umemaliza. Kinachoshikika haraka ni haya: "a" kwa kitu kimoja kinachohesabika kinachotajwa mara ya kwanza, "the" kwa kile ambacho mimi na wewe tunakijua, na hakuna kitu kwa mambo yanayozungumzwa kwa ujumla wake, kama "Children like games." Chaguo kati ya "a" na "an" hutegemea sauti na siyo herufi, ndiyo maana "an hour" ila "a university". Yanayobaki, kama vile kwa nini mtu husema "go to work" bila "the" lakini "go to the cinema" akiwa nayo, kitabu kinayapanga vizuri katika makundi, ila kuyashika kunataka usomaji mwingi wa maandishi halisi. Pamoja na hayo soma masomo ya nomino zisizohesabika. "Information", "advice", "furniture" na "news" ni maneno ambayo kwa Kiswahili tunayahesabu bila shida, habari mbili, ushauri wa aina tatu, na ndiyo maana "informations" na "The news are good" zimejaa kwenye barua za kazi ninazoletewa nizisahihishe.

Kuhusu "he" na "she", ambazo kwetu zote ni "yeye", sioni kitabu chochote kinachoweza kusaidia sana. Kila mtu anaijua kanuni. Tatizo ni ulimi kuwahi kabla ya akili. Simulia kwa sauti habari za shangazi yako na mjomba wako kwa zamu. Hakuna njia nyingine.

Vihusishi vina sehemu yake ndefu kuelekea mwisho, na kama nilivyosema michoro inaibeba. Kwetu "ni" ya mwisho wa neno, ya mezani, mjini, mlangoni, inafanya kazi ya "on", "in" na "at" kwa pamoja, kwa hiyo lazima ujifunze kugawa mahali pamoja katika sehemu tatu: juu ya kitu, ndani ya kitu, kwenye nukta fulani. Kwa wakati pia: "at" kwa saa, "on" kwa siku, "in" kwa mwezi na mwaka. Zisome, zikariri, endelea.

Kisha masomo mawili ya mwisho, ya vitenzi kama "get up", "give up" na "put on". Hapa kitabu kinaniacha na njaa. Ni orodha, na mwishoni mwa kitabu kuna viambatisho viwili vyenye orodha nyingine. Vitenzi hivi havishikiki kwa orodha. Vinashikika ndani ya habari, katika mazungumzo, katika maelekezo ya jinsi ya kuwasha na kuzima mashine, kama yule fundi umeme wangu alivyovipata. Afadhali uvipitie tu ujue vipo.

Viambatisho vingine ni vya maana kubwa, hasa ile orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni. Kuna ya kwanza iliyopangwa kwa alfabeti, na ya pili iliyovikusanya vinavyofanana: vile visivyobadilika kama "cut" na "put", vile vinavyobadilika kwa mtindo mmoja kama "sing, sang, sung" na wenzake. Hiyo ya pili ndiyo ya kukariri. Ukisoma kwa sauti, kufanana kwa maumbo kunakusaidia kukumbuka, na watu wazima hujifunza kwa njia hiyo haraka kuliko kwa alfabeti. Kuna pia kiambatisho cha tahajia, kinachokuonyesha kwa nini "stop" huwa "stopped" lakini "help" hubaki na "p" moja, ambacho hakuna anayekisoma na ambacho kila anayeandika barua pepe anakihitaji.

Udhaifu mkubwa wa kitabu hiki uko kwenye mazoezi yake, na hili nalisema kwa uzito. Karibu yote ni ya kujaza nafasi au kukamilisha sentensi, na kwa kuwa ukurasa wa kushoto umekwisha kukwambia jambo la leo ni lipi, unaweza kujaza kumi kwa kumi bila kufikiri. Somo ni la "did", basi kila nafasi ni ya "did". Maisha hayakupi kichwa cha somo. Mtu anakuuliza swali, na wewe mwenyewe ndiye wa kuamua kama ni "did", "have" au "was". Mwandishi amejaribu kulitibu hilo kwa kuweka mazoezi ya nyongeza nyuma, yanayochanganya masomo kadhaa, na hayo ndiyo mazoezi ya kweli. Bahati mbaya watu wengi hawafiki huko. Ushauri wangu: fanya zoezi la ukurasa wa kulia siku unayosoma, lipe wiki, kisha urudie kwa karatasi nyingine ukiwa umefunika ukurasa wa kushoto. Na kabla ya kugeuza ukurasa, andika sentensi zako mwenyewe kuhusu kazi yako na watu wa nyumbani kwako. Kitabu hakikuombi aya hata moja yenye urefu wa kutosha. Lazima ujiombe mwenyewe.

Humo humo nyuma kuna mwongozo wa kujipima, wenye sentensi za kuchagua jibu, unaokuonyesha masomo gani unayahitaji. Anza hapo. Mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba masomo hayakupangwa kutoka rahisi kwenda magumu, na kwamba hakuna haja ya kuanza mwanzo hadi mwisho. Nashangaa jinsi wengi wanavyoruka maelezo hayo kisha wakakwama kwenye "am, is, are", somo la kwanza, wakidhani hawana akili ya lugha.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili aliyekwisha kupata msingi kidogo, mpangilio ninaoutumia mimi huanza na maswali na ukanushi wa "do", "does" na "did". Baada ya hapo naruka hadi zile kurasa zenye karatasi ya rangi, za "when", "if" na virejeshi, kisha narudi kwenye "have done", ndipo naingia kwenye "a" na "the". Kauli ya kutendwa naiacha kwa muda mrefu. Sisi tumezaliwa nayo, kama katika "limeandikwa" na "limesomwa", na mwanafunzi akishajua kwamba Kiingereza hutumia "is" au "was" na umbo la tatu la kitenzi, anaendelea mwenyewe.

Unaponunua, angalia jalada kwa makini. Kuna toleo lenye majibu na lisilo na majibu. Lisilo na majibu ni la darasani, ambako mwalimu ndiye anayesahihisha. Anayesoma peke yake akichukua hilo kwa kutojua, nusu ya faida imepotea, kwa sababu hatajua kama alichokijaza ni sahihi. Kuna pia lenye kitabu cha kielektroniki ambacho kina sauti, na kwa yeyote asiye na mtu wa kuzungumza naye Kiingereza, ningemshauri achukue hilo. Karatasi haiwezi kukwambia kwamba "worked" hutamkwa kwa silabi moja na huishia kwa sauti ya "t", kwamba "lived" nayo ni silabi moja ila huishia kwa "d", na kwamba "wanted" ndiyo yenye silabi ya ziada. Sisi tuliozoea kila silabi iishe kwa irabu tunalihitaji sikio zaidi ya wengine.

Kiingereza chake ni cha Uingereza, kwa hiyo utakutana na "I've got" kila mahali. Kama unajiandaa kwenda Marekani, kipo ndugu yake, Basic Grammar in Use, kilichoandaliwa kwa ajili ya Kiingereza cha huko, ambacho Murphy amekiandika pamoja na William R. Smalzer. Mwenye chekundu hana haja ya kununua na hicho. Tofauti ni chache, na nyingi utazijua kwa kusikiliza.

Mtu ambaye hajui hata neno moja la Kiingereza asianze na kitabu hiki. Si kitabu cha kozi, hakina mazungumzo wala masimulizi, na maelezo yenyewe yako kwa Kiingereza. Huyo apate kwanza mwalimu au kozi ya kumpa maneno mia kadhaa ya kila siku. Na anayeweza tayari kusoma gazeti la Kiingereza bila kamusi aende kwenye cha bluu moja kwa moja. Kati ya hao wawili kuna watu wengi mno, waliosoma Kiingereza shuleni miaka mingi na bado wanaogopa kufungua mdomo, na hao ndio ninaowakabidhi kitabu chekundu bila kusita.